Mawaridi Saba kwa Velika

Basi dogo la chama cha wastaafu liliwashusha Plovdiv saa nne asubuhi, na kabla ya saa nne na nusu Rangel alikuwa ameshanunua maua. Muuza maua, mama mmoja mwenye glavu zilizokatwa ncha za vidole, alimuuliza swali ambalo wauza maua wote wa Bulgaria humuuliza mzee anayesimama mbele yao kavua kofia.

"Ya heri au ya msiba, baba?"

"Ya heri," Rangel alijibu upesi. "Ya mtu aliye hai. Mzima kabisa. Dada yangu."

"Basi chukua saba. Tano ni uchoyo, tisa ni uchumba."

Akayahesabu kwa sauti mawaridi mekundu, moja moja, huku Rangel akifuatisha kwa midomo. Kule idadi ya shufwa ni ya wafu na ya witiri ni ya walio hai. Mtoto hulijua jambo hilo kabla hajajua kuandika. Mama yule aliyafunga kwa karatasi, akayazungushia uzi, na Rangel akayabeba kifuani kama mtu aliyebeba taa kwenye upepo.

Miaka kumi na tisa alikuwa hajamwona dada yake Velika. Leo ilikuwa Jumapili ya Msamaha, siku ambayo mdogo humwendea mkubwa, akambusu mkono na kusema, "Nisamehe," na mkubwa hana ruhusa ya kujibu lingine ila, "Umesamehewa, na Mungu asamehe." Rangel alikuwa na miaka sabini na moja. Velika alikuwa na sabini na saba. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi nani amfuate nani. Haukuwapo hata siku moja katika miaka yote hiyo, ila Rangel alikuwa akijifanya kwamba upo.

Alikuwa amefuatana na rafiki zake wawili wa jengo moja kule Smolyan, mjini kwao milimani. Valko alikuwa fundi bomba mstaafu, mtu wa tumbo kubwa na kofia ya manyoya asiyoivua hata kanisani, maana chini yake palikuwa na upara alioufanya siri ambayo kila mtu aliijua. Nedyalka alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na minne, na mpaka leo alitembea kama anayeongoza darasa, na kijitabu cha mji mkononi. Hao wawili walijua sababu ya safari. Wengine kumi na watano wa basini walidhani mzee Rangel amekuja kutembea tu.

"Nyumba iko wapi?" Nedyalka aliuliza.

"Ng'ambo ya mto. Mtaa wa Mierebi, namba kumi na nne."

"Hiyo ni dakika ishirini kwa miguu. Twende sasa hivi, tunywe kahawa kwake, halafu mchana tutembee kwa raha."

"Asubuhi hii watu wako kanisani, mwalimu."

"Saa tano watakuwa wametoka."

"Basi saa tano," Rangel alisema.

"Mimi nasema tule kwanza," Valko akaingilia. "Mtu haombi msamaha na tumbo tupu. Sauti haitoki."

Rangel alimshukuru kimoyomoyo.

Walisimama kwenye kidirisha cha muuza banitsa na kila mmoja akapata kipande cha mkate huo wa jibini uliokunjwakunjwa, ukitoka moshi, na bilauri ya boza, kile kinywaji kizito cha nafaka ambacho ni kama togwa iliyotiwa sukari nyingi. Valko alimaliza cha kwanza, akaagiza cha pili, akafuta ndevu kwa mgongo wa mkono. Nedyalka alisoma kijitabuni kwamba chini ya barabara waliyosimama umelala uwanja wa mashindano wa Warumi.

"Wacha ulale," Valko alisema. "Umefanya kazi sana."

Rangel alitafuna bila kuonja. Usiku kucha alikuwa amejifunza maneno mawili tu: *Nisamehe, dada.* Alikuwa ameyasema mbele ya kioo akinyoa, ameyasema ndani ya basi akiangalia dirishani, na kila mara neno la kwanza lilitoka na la pili likakwama, au la pili likatoka na la kwanza likakwama.

Saa tano ilipofika, yeye ndiye aliyeuliza kama ukumbi wa maigizo wa Warumi uko mbali. Nedyalka alimtazama juu ya miwani.

"Si mbali. Lakini uko juu ya kilima, na daraja liko chini. Ni njia mbili tofauti, Rangel."

"Kawia ufike, mwalimu. Mji huu wenyewe watu wake hujisifu kwamba hawana haraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Tumbo langu halijambo," alisema Valko, na wakapanda kilima.

Pale juu kulikuwa na jua jembamba la mwisho wa Februari, lenye mwanga bila joto. Walikaa kwenye ngazi za mawe, na mji wote ukawa chini yao, mapaa mekundu na minara, na mto Maritsa wenye rangi ya chai ya maziwa. Nedyalka alinyoosha kidole. "Lile ndilo daraja. Ng'ambo, pale penye majengo mapya, ndipo mtaa wa dada yako."

Rangel aliyaweka maua juu ya jiwe pembeni mwake ili mikono yake ipumzike. Akatazama pale palipoonyeshwa, asione nyumba wala mtaa. Aliona theluji.

Mama yao alifariki mwezi wa Februari kama huu, kijijini Gorna Lyaska, na siku hiyo theluji ilifunga njia ya mlimani. Velika alipiga simu kutoka Plovdiv: "Nisubirini siku moja, Rangel. Wanazoa theluji. Kesho nafika, hata kama ni kwa miguu." Siku moja tu. Lakini kaburi lilikuwa limeshachimbwa na lilianza kujaa theluji, kasisi alitaka kurudi kwao, wachimbaji walikuwa wameshakunywa rakia, pombe yao kali, na Rangel ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba. Akasema maiti hasubirishwi. Wakazika saa nane mchana.

Velika alifika kesho yake, amepanda lori la magogo, na maua kumi mkononi yaliyoganda kwa baridi. Alisimama mbele ya kifusi.

"Umeshindwa kunisubiri siku moja?"

Rangel hakuwa amelala siku tatu, na alikuwa amelewa kidogo. Lakini alijua kwamba hayo hayakuwa udhuru. Alimwambia, "Ulimwacha miaka thelathini akiwa hai. Leo akiwa maiti ndipo unamtaka?"

Velika aliyalaza maua yale, akafunga kitambaa chake vizuri, akashuka na lori lile lile. Mpaka leo.

"Rangel," Nedyalka alisema, "ni saa sita na nusu."

"Twende basi."

Aliyachukua maua kwa haraka ya mtu aliyeshtuliwa. Uzi ulikuwa umelegea kwenye baridi, na waridi moja liliteleza likabaki juu ya jiwe la Warumi, jekundu, peke yake. Hakuna kati yao aliyeliona. Walikuwa wameshageuka, na Valko alikuwa akilalamika juu ya magoti yake.

Njia ya kwenda mtoni hupita mtaa wa mafundi wa zamani, uchochoro ndani ya uchochoro, na siku ile kila kona ilikuwa na meza na moshi. Valko alipotea dakika tano, akarudi ameshika mkate wenye vinyama vitatu vya kusaga vilivyochomwa, virefu kama vidole.

"Valko!" Nedyalka alipaza sauti mpaka watu wakageuka. "Nyama tumeiaga Jumapili iliyopita! Wiki hii ni mayai na jibini mpaka kesho kufunga kuanze. Una umri gani wewe?"

"Mimi niliiaga, mwalimu. Yenyewe ndiyo haikuniaga."

"Utaomba msamaha wa hicho pia leo."

"Ndiyo maana nimekula leo. Kosa na msamaha siku moja, nani kama mimi?"

Hata Rangel alicheka. Kwa kitambo kidogo ilikuwa kweli kwamba walikuwa marafiki watatu waliotoka kutembea, na kwamba jua linawaka, na kwamba kuna mtu ng'ambo ya mto atakayefungua mlango. Alinunua pande kubwa la halua nyeupe yenye karanga, halua ya siku hiyo, kwa ajili ya Velika. Rangel alipokuwa mdogo, Velika ndiye aliyekuwa akifunga halua kwenye uzi na kuininginiza darini, nao watoto wakaruka kuidaka kwa meno, mikono nyuma. Alikuwa akiushusha uzi kidogo zamu ya Rangel ikifika.

Kisha akaomba wapumzike kidogo, wanywe kahawa. Kisha akataka kuona ile saa ya jua iliyo kwenye ukuta wa msikiti. Nedyalka alifunga kijitabu, akakitia mfukoni, na kitendo hicho kilimuuma Rangel kuliko karipio.

Walivuka daraja saa tisa. Ni daraja la waenda kwa miguu lililojaa maduka pande zote mbili, soksi, simu, karanga, hata mtu hajui kama yuko juu ya maji. Upande wa pili, kwenye nguzo za taa na milango ya majengo, yalibandikwa matangazo ya vifo kama yalivyobandikwa kila mahali katika nchi ile: karatasi yenye mstari mweusi, picha, jina, umri. Wengine hubandika siku ya kifo, halafu siku ya arobaini, halafu nusu mwaka, mwaka, miaka kumi. Wazee huyasoma wakipita kama vijana wanavyosoma matokeo ya mpira.

"Sitini na tatu," Valko alisoma. "Mtoto huyu. Themanini na nane, huyu kala vizuri. Sabini na..."

"Acha leo, Valko," Rangel alisema. Yeye aliyesoma kila nguzo ya Smolyan bila kuruka hata moja, leo alitembea macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Kwenye kona ya Mtaa wa Mierebi alisimama kabisa.

"Nini tena?" Nedyalka aliuliza.

"Kola yangu. Nitazamie kola yangu, mwalimu."

Nedyalka alimnyoosha kola, akamfuta unga wa halua kwenye koti, akamchania nywele zilizokatwa juzi kwa ajili ya siku hii. Mikono yake ilikuwa mipole. "Maneno mawili tu, Rangel," alisema. "Watoto wa darasa la kwanza huyaweza."

Valko alikuwa ametangulia. Mbele kidogo, nje ya geti la chuma, alisimama msichana mwenye nguo nyeusi karibu na meza ndogo, na juu ya meza kulikuwa na sinia. Pua ya Valko ilikuwa imeshafika kabla ya miguu yake. Rangel alimwona akipewa kipande cha mkate, kijikombe cha ngano ya kuchemsha na sukari, na divai kidogo kwenye bilauri ya plastiki. Akamwona akila kwanza, kama kawaida yake, na kuuliza baadaye. Msichana alijibu kitu.

Valko aliacha kutafuna. Aligeuka, akamtazama Rangel kwa mbali, kisha akainua mkono na kuivua kofia yake ya manyoya. Upara wake ukang'aa juani mbele ya mtaa mzima.

Rangel alielewa, na akakataa kuelewa. Alijisemea kwamba mtu huvua kofia kwa joto. Akaendelea kutembea, hatua baada ya hatua, maua kifuani, akihesabu namba za mageti: nane, kumi, kumi na mbili. Geti la msichana lilikuwa kumi na nne.

"Karibuni," msichana alisema. Alikuwa na miaka ishirini na ushei, macho mekundu, na nyusi za mama yake Rangel. "Asanteni kwa kumkumbuka." Akanyoosha mikono akayapokea maua, akayatazama. "Mawaridi sita. Bibi angeyapenda."

"Saba," Rangel alisema.

"Nini, babu?"

"Ni saba. Yalihesabiwa mbele yangu. Saba."

Msichana alishangaa kidogo, lakini alikuwa amelelewa vizuri. Aliyafungua karatasi na kuyahesabu taratibu kwa kidole, jinsi mtu anavyomhesabia mzee asiyeona vizuri. "Ni sita, babu. Usijali. Ndivyo inavyotakiwa."

Nyuma ya kichwa chake, kwenye geti, ilikuwapo karatasi. *Leo ni siku arobaini tangu atutoke mama na bibi yetu mpendwa, Velika.* Pichani alikuwa mwanamke mzee ambaye Rangel hakumjua. Alilazimika kumtazama muda mrefu mpaka ndani ya uso ule akampata yule mwingine, wa uzi na halua.

"Binti," Nedyalka alianza, "huyu hapa ni..."

Rangel alimkamata mkono, akaubana kwa nguvu ambayo hakujua bado anayo.

"Sisi ni wapita njia," alisema. "Tumetoka milimani, tumekuja kutembea mji."

"Milimani! Bibi alikuwa wa huko. Gorna Lyaska, mnapajua?"

"Tumepasikia."

"Hakuja mtu hata mmoja wa kule." Msichana alisema bila uchungu, huku akiwamiminia divai. Huenda alichoka kusimama peke yake. "Bibi ana mdogo wake, wa kiume. Mama alitaka kutafuta namba yake, bibi akamkataza. Akasema, nikifa bandikeni tangazo mlangoni pa nyumba ya mama yangu, atalisoma akitoka asubuhi. Baba akaenda mpaka huko na theluji yote ile. Akabandika mlangoni, na lingine kwenye kituo cha basi. Akagonga, hakufunguliwa."

Miaka minane sasa Rangel alikuwa akiishi Smolyan, ghorofa ya tatu, penye joto la mabomba. Nyumba ya mama aliifungua kila mwezi wa tano, theluji ikiisha, alipokwenda kupanda viazi. Velika hakujua. Kwa akili ya Velika, mdogo wake asingeweza kuiacha nyumba ile ilale baridi bila moto majira ya baridi. Alimhesabia wema ambao hakuwa nao. Karatasi ilikuwa mlangoni hata sasa, saa hii, uso wa Velika ukitazama ua uliojaa theluji.

"Alimsema?" Rangel aliuliza. "Huyo mdogo wake. Alisema neno juu yake?"

"Mara moja. Alisema, 'Mimi theluji ilinizuia siku moja. Yeye sijui kitu gani kinamzuia miaka yote hii.' Akacheka kidogo. Halafu akaomba maji."

Valko alijikohoza na kuangalia pembeni.

"Na mlizika lini?"

"Ilikuwa tuzike siku ya pili. Mama akasema tungoje siku moja zaidi, huenda mtu akatokea. Kasisi alinung'unika kweli. Mama akamwambia, kwetu kuna mtu alizikwa bila mwanawe kusubiriwa, kwa huyu tutasubiri." Msichana alipandisha mabega. "Tukasubiri. Kuleni, tafadhali. Asubuhi tulikuwa makaburini, kisha tukarudi hapa wote, mngekuja mapema mngetukuta. Sasa wageni wameshaondoka, nimebaki na sinia hili."

Rangel aliwekewa mkononi kipande cha mkate na kijikombe cha ngano. Chakula cha marehemu hakikataliwi, wala hakiliwi kimya. Anayekila ni lazima amwombee aliyekufa kwa jina, na dua yenyewe ni moja, haibadilishwi kwa mtu yeyote. Nedyalka aliisema. Valko aliisema baada yake, akiwa amesimama wima. Wakamngoja Rangel.

"Mungu amsamehe," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akalitaja jina lake kwa sauti. "Mungu amsamehe Velika."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amekuja na maneno mawili ya kuomba, akaishia kumwombea msamaha yule aliyekosewa. Alitia ngano mdomoni. Ilikuwa tamu sana.

Kutoka ndani ya nyumba dirisha lilifunguliwa na sauti ya mwanamke ikauliza, "Kalina! Nani hao?" Sauti hiyo Rangel aliijua. Ilikuwa ya Snezha, binti wa Velika, aliyekuwa akilala nyumbani kwa mjomba wake kila likizo na kuogopa jogoo wao.

Mkono wa Nedyalka ulimgusa mgongoni. Angeweza kuita. Ilikuwa hatua sita mpaka dirishani. Akilini aliuona uso wa Snezha ukimtambua, akaliona swali ambalo uso huo ungeuliza, na akajua jibu lake: saa nne asubuhi nilikuwa mjini. Nilikula banitsa. Nilipanda kilima kutazama mawe. Nilinunua halua, nikanywa kahawa. Na kabla ya leo, miaka kumi na tisa ya siku kama leo.

"Wapita njia, mama!" Kalina aliitikia. Dirisha likafungwa.

Rangel aliweka halua juu ya meza, kando ya sinia. "Gaweni na hii."

"Asante, babu." Walipogeuka kuondoka, msichana alikumbuka siku yenyewe ni siku gani. Alitoka nyuma ya meza, akajifuta mikono kwenye nguo, akauchukua mkono wa Rangel na kuubusu, kama anavyofanya mtoto aliyelelewa mbele ya mzee yeyote Jumapili ile. "Nisamehe, babu," alisema.

Kumbe yalikuwa mepesi hivyo. Yalitoka kinywani mwake bila kukwama popote.

"Umesamehewa," Rangel alisema. "Na Mungu asamehe."

Walirudi mpaka darajani. Katikati yake, kati ya soksi na simu, Valko alisimama. "Turudi," alisema. "Haki ya Mungu turudi, Rangel. Mimi nitasema, kama wewe huwezi. Nitasema, huyu hapa ndiye yule ng'ombe."

"Utamwambia nani anisamehe? Yule mtoto ni mdogo kwangu. Snezha ni mdogo kwangu. Mdogo hamsamehe mkubwa. Haipo hiyo."

"Basi ivunje hiyo desturi, leo tu!"

"Vaa kofia yako, Valko," Rangel alisema. "Utashikwa na baridi."

Basi liliondoka saa kumi na moja. Chama kilikuwa kimeshiba na kuchangamka. Mtu alipitisha mbegu za alizeti, mwingine alionyesha picha za simu. Walipoanza kupanda milima giza lilikuwa limeingia, na kwenye vilima vya vijiji mioto ya Jumapili ile ilikuwa imewashwa, mikubwa, na vivuli vya watu vikiruka juu yake.

Karibu na mji wa Chepelare dereva alizima redio. "Haya wakubwa zangu," alisema bila kugeuza kichwa, "siku inakwisha. Mimi nina arobaini na nane, ndimi mtoto humu ndani. Nisameheni kwa mashimo yote."

Wakacheka, wakamsamehe. Kisha ikawa kama ilivyo kila mwaka: waliinuka mmoja mmoja, wakishikilia viti basi likikata kona, kila mdogo akimwendea mkubwa wake, wakibusiana mikono, wengine kwa mzaha, wengine kwa machozi. Na mkubwa wa wote katika chama kile alikuwa Rangel, kiti cha pili, upande wa dirisha. Walimjia wote. Nedyalka naye alikuja, miaka sitini na tisa, akainamisha kichwa chake cheupe na kusema, "Nisamehe, Rangel. Ilinipasa nikuburute asubuhi." Valko alikuja wa mwisho, kofia mkononi kwa mara ya pili siku ile, asiweze kufanya mzaha wowote.

"Umesamehewa," Rangel alimwambia kila mmoja. "Umesamehewa. Umesamehewa, na Mungu asamehe."

Walipokwisha kukaa, alitazama basi lote kutoka mbele mpaka nyuma, uso kwa uso. Kisha akalipitia jengo lao kule Smolyan, ghorofa kwa ghorofa. Kisha kijiji kilichobaki na kaya chache, mlango kwa mlango, mpaka ule wenye karatasi. Alikuwa akitafuta mtu mmoja tu aliyemzidi umri, hata kwa mwezi, ambaye yeye angeweza kumwinamia na kumwomba. Hakumpata. Moto wa mwisho ulipita dirishani, ukabaki nyuma, na mkono wake aliouacha juu ya goti ulikuwa bado na unyevu wa midomo ya watu.